Dimtu na Seti ya Kwanza

Kila siku baada ya shule Qabale alikuwa na kazi mbili: kumnywesha Dimtu mtoni, kisha kupeleka maziwa sokoni Garsen ili nyumbani wapate unga. Dimtu alikuwa mtamba mwekundu. Mama yake Dimtu ndiye ng'ombe ambaye Qabale alipewa siku alipozaliwa, kama ilivyo desturi ya Waorma. Ng'ombe huyo alikufa katika mafuriko ya Elnino, akabaki Dimtu peke yake. Qabale akimwita tu, Dimtu aliacha majani na kuja.

Mwaka huo wa 1998, Dabaso, mwenye banda la televisheni, aliweka dishi, na tenisi ikaingia Garsen. Watu ambao hawajashika raketi maishani wakawa wataalamu! Kabla ya mechi Dabaso aliuza vizibo vya soda: vyekundu vya mchezaji mmoja, vyeupe vya mwenzake. Mmoja akishinda seti ya kwanza, kila kizibo chake kilikombolewa kwa kilo ya unga. Vya aliyeshindwa vilitupwa. Mchezo ukiendelea watu waliuziana vizibo, na vya anayeongoza vilipanda bei.

Siku moja Qabale alitoa maziwa yote, akapewa vizibo, akavipoteza. Nyumbani alisema amejikwaa, maziwa yakamwagika. Mama yake alimpa pole na kumkanda goti ambalo halikuwa na jeraha lolote. Pole ile ilimchoma Qabale. Akaapa kuyarudisha maziwa.

Jumamosi, badala ya kumpeleka Dimtu mtoni, alimfunga nje ya banda la Dabaso, akamweka rehani na kupewa mfuko wa vizibo vyekundu.

Mchezaji wa vyekundu aliongoza gemu tano kwa mbili; ilibaki gemu moja tu ashinde seti. Bei ikapanda.

"Uza saa hii, Qabale!" alinong'ona Jilo, mwanafunzi mwenzake. "Umkomboe Dimtu wako, na maziwa juu."

"Nani huuza ng'ombe akikaribia kuzaa?" alijibu Qabale. "Bado kidogo tu."

Ndivyo alivyofundishwa zizini, lakini kizibo hakina mimba. Mchezaji wake alianza kupiga mipira kwenye wavu, gemu baada ya gemu, na seti ikaenda kwa vyeupe.

Qabale alikimbia nyumbani akilia, akasema yote, hata ya maziwa. Baba yake, Godana, hakumpiga. Alivaa makubadhi wakarudi pamoja bandani. Walikuta kamba tupu. Dimtu alikuwa ameshauzwa, na lori la wachuuzi wa mifugo lilikuwa limeondoka.

"Ulipokea mnyama mkononi mwa mtoto?" Godana aliuliza.

Watu wote bandani walimgeukia Dabaso. Akainamisha kichwa. "Nimekosa, mzee. Nitalipa."

Kweli alilipa. Alileta mtamba mwingine, mwekundu vilevile, na biashara ya vizibo ikakoma. Qabale alisimama mlangoni mwa zizi, akaita, "Dimtu!" Mtamba hakuinua hata kichwa. Qabale akaangua kilio.

Baba yake alimshika bega. "Mwanangu, ng'ombe tumelipwa. Dimtu hatukulipwa, wala hatutalipwa. Ungesema ukweli siku ile ya maziwa, tungelala njaa usiku mmoja, basi. Uliuficha, ukaingia kamari zaidi. Wale wachezaji wawili hawakujui, Qabale. Dimtu alikujua."

Qabale alijifuta machozi, akachukua kamba, akampeleka mgeni yule mtoni kunywa maji.