Supu Upande wa Kushoto

Soko la Seomun lilikuwa limefurika siku Sang-uk alipomwona Mi-ryeong kwa mara ya kwanza. Alikuwa na blauzi ya njano, akivuta vuta vitambaa kwenye meza ambayo Sang-uk aliuzia.

"Kaka, hiki cha pazia au cha kuchujia chai?"

Akamuuzia kwa hasara, na wauzaji wenzake wakajua kijana kapatikana.

Mwaka wa pili wa mapenzi yao, maumivu ya kichwa yaliyokuwa yakimsumbua msichana yakaonekana ni uvimbe kwenye ubongo. Akapasuliwa. "Usije hospitali ukaniona na upara," alimwambia. "Nitakuita." Sang-uk akakubali kwa shingo upande, akangoja majuma mengi.

Hatimaye akaitwa kula nyumbani kwa msichana. Akaenda na shati lililopigwa pasi na mfuko wa mapeasi. Mi-ryeong alikuwa amekonda, kajifunga kitambaa cha hariri kichwani, na maneno mengine aliyatafuta kidogo kabla ya kuyasema. Akamwandalia, akarudi jikoni.

Sang-uk akatazama meza. Supu ilikuwa kushoto, wali kulia. Kwao aliye hai huwekewa wali kushoto. Ukigeuza, umemwandalia marehemu siku ya tambiko. Kumbe ndiyo maana hakutaka nije, akawaza, kwake nimeshakufa. Akasingizia kazi, akavaa viatu, akatoka.

Simu ikalia akiwa kituo cha basi.

"Umeikimbia supu yangu? Haijaua mtu bado."

"Mi-ryeong, kama umenichoka, sema. Usiniandalie kama marehemu."

"Marehemu gani tena?"

"Supu umeiweka kushoto."

Mi-ryeong akauliza taratibu, "Kushoto ni mkono upi?"

Sang-uk alidhani anataniwa, mpaka aliposikia kwikwi. Tangu upasuaji, akaeleza, pande mbili, kushoto na kulia, zilimchanganya, hata viatu alivaa ovyo. Daktari alisema huenda zikarudi polepole. Leo alimwomba mama yake amwachie jiko, apike mwenyewe.

"Nilitaka uone nimepona," akasema. "Niliogopa ukijua utaniacha."

"Nami nimeondoka bila hata kuuliza. Nakuja."

Alikuta supu imepoa. Akaketi, akaanza kuinywa pale pale ilipokuwa.

"Geuza kwanza, utajiletea mkosi."

"Acha mkosi uje. Tuoane, Mi-ryeong."

"Na pande zisiporudi?"

"Nitakula hivi hivi mpaka nizeeke."

Mi-ryeong akafungua kitambaa cha kichwani. Nywele zilikuwa fupi, zimeota kwa mafungu, na kovu lilipinda kutoka sikioni mpaka utosini. Hakuwa amemwonyesha mtu yeyote ila mama yake.

"Tazama vizuri unachokioa."

Sang-uk akaweka kijiko chini, akatazama bila haraka, naye Mi-ryeong akastahimili kutazamwa.

"Nimetazama."

"Basi mama yuko kwa jirani," akasema, machozi yakimtoka. "Nenda kamwambie mwenyewe."