Mstari Uliojifunza Kutambaa

Kikopo cha rangi kilikuwa kinapungua. Kila alipomaliza kazi fundi alikifunga vizuri na kukiweka juu ya kabati, na kila alipokishusha alikikuta chepesi zaidi. Mwanzoni alijilaumu mwenyewe. Majirani walimwita Fundi Kesho, kwa kuwa hakuna mteja aliyewahi kuambiwa "njoo leo", na mtu wa namna hiyo hashangai sana akisahau kufunga kikopo.

Ilikuwa rangi ya kupitisha umeme, yenye mng'ao wa bati jipya. Njia ya shaba kwenye bodi ya chombo cha umeme ikiliwa na kutu, na bodi yenyewe ikiwa nyembamba mno kuvumilia moto wa kulehemu, unachora mstari kwa brashi pale ilipokatika, unauacha ukauke, umeme unapita. Kwa rangi hiyo alikuwa amefufua rimoti za nusu ya mtaa, pale pale kwenye meza yake ya jikoni.

Siku moja mkewe akamwomba atengeneze redio ya mtoto.

Ndivyo walivyokiita kile chombo cha vipande viwili: kimoja hukaa kando ya kitanda cha mtoto, kingine jikoni, mtoto akilia mama anasikia. Mtoto wao alifariki kabla hajajua kutambaa. Walikuwa wamempata baada ya kungoja hadi wakachoka, na daktari alikwisha sema hatakuja mwingine. Siku ya msiba kipande cha jikoni kilianguka kwenye ndoo ya maji kikafa. Fundi hakutaka hata kukigusa, ila alimpenda mkewe, na hakujua dawa nyingine ya kumpa. Akachora mstari mmoja mfupi.

Ulipokauka, spika ikakwaruza, halafu ikatoa pumzi. Zilikuwa pumzi ndogo za mtoto aliyelala. Jikoni pakanuka maziwa yaliyochacha na udongo mbichi.

"Kile kipande cha pili kiko wapi?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

Mkewe hakumtazama. "Nilimwekea ndani ya sanda. Niliogopa akilia asisikiwe."

Fundi akatoa betri. Pumzi zikaendelea.

Asubuhi yake kikopo kilikuwa kitupu, na mstari ulikuwa umetoka nje ya bodi. Ulishuka kwenye mguu wa meza, mwembamba, ukiwa bado mbichi. Fundi akaufuta kwa spiriti. Alipogeuka kutafuta kitambaa kingine ukawa umerudi, tena mrefu zaidi, umevuka sakafu ya jikoni, umepanda kizingiti, ukateremka ukumbini, unapinda huku na huku na kusimama mahali mahali kama anayepumzika, kisha unaendelea, na popote uliposimama palikuwa na alama mbili za viganja vidogo, mpaka ukafika mlango wa chumba cha kulala, na humo ndani mkewe alikuwa ameketi sakafuni akitabasamu, amekonda usiku mmoja tu, blauzi yake imelowa maziwa, ingawa kifua chake kilikwisha kauka zamani.

"Usimfute, mume wangu," alinong'ona. "Anajifunza kutambaa."

Fundi Kesho hakungoja kesho. Alikimbia kumleta shangazi wa mkewe, mwanamke aliyezoea kutoa majini kwenye nyumba za watu. Shangazi alifika mlangoni mwa chumba, akauona mstari, akakataa kuuruka.

"Huyo si mtoto. Ni jini," alisema polepole. "Wewe ulimfungulia njia, sasa anaimalizia mwenyewe. Akimfikia mkeo ataondoka naye."

"Niukwangue?"

"Ukiukwangua wewe atauchora tena. Anayefuatwa ndiye anayekata." Akamrushia mke kisu kidogo, kikateleza sakafuni hadi magotini pake. "Kata, mwanangu. Na hilo jini likikuita, usiitike; ukiitika umekubali kwenda nalo."

Mke alikishika kisu. Mstari ulikuwa umebakiza shubiri moja kufika kwenye mguu wake, nao ulisogea huku wakiutazama. Akaweka ncha ya kisu juu ya rangi mbichi, akafumba macho, na fundi akaanza kuomba kimoyomoyo.

Kule jikoni spika ikasema, kwa sauti nyembamba na tamu, "Mama."

Fundi nusura acheke kwa nafuu. Alipiga magoti karibu na mlango. "Umesikia? Limejisahau. Mwanetu hakuwahi kutamka hata neno moja. Si yeye, mke wangu. Kata."

"Najua si yeye." Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. "Nilijua tangu jana. Mwanangu nazijua pumzi zake."

"Basi kata."

"Wetu aliondoka kabla hajaniita," alisema. "Nani mwingine ataniita?"

"Mama," spika ikarudia.

Akaweka kisu chini. Fundi alijirusha kumziba mdomo kwa kiganja, lakini alikuwa amechelewa.

"Bee, mwanangu," mkewe akaitika.