Walizima Mashine Yangu Kwenye Kilio cha Baba Mkwe

Nina miaka thelathini na tisa, ni injinia, ninaishi Makomeno hapa Lubumbashi, na sina mume. Msinionee huruma! Someni kwanza...

Wakati huo nilikuwa na mume, Trésor, na ndoto moja: kuuza umeme usiokatika. Tulikaa kwa baba yake, mstaafu wa reli, aliyenipa banda la nyuma liwe karakana yangu. Mzee yule alinipenda, nami nilimpenda.

Humo nilijenga seli ya mafuta ya kabonati iliyoyeyuka. Jina ni refu, jambo lenyewe jepesi: chumvi inapashwa moto mpaka iyeyuke, gesi ya taka za soko inapita upande mmoja, hewa upande wa pili, na umeme unatoka bila kelele za jenereta. Ila ina masharti. Ikishapata joto, isiachwe ipoe. Ikipoa chumvi inaganda, vigae vinavyoishika vinapasuka, na kazi yote imekwenda! Trésor alilijua hilo. Nilimwambia kila tulipokula bukari, ugali wetu wa huku.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mama Zaina, anayeleta samaki kutoka Kasenga. Umeme ukikatika, samaki wake wanaoza. Alisema mashine ikifika mwisho wa mwezi bila kuzimika, ataichukua, na wenzake wa sokoni watafuata. Zilibaki siku chache tu...

Ndipo baba mkwe akafariki.

Kwa desturi ya ukoo wao, mtu akifa, moto wote wa nyumba unazimwa, na mpya unawashwa baada ya maziko. Mbabula zote, majiko yetu ya makaa, zikamwagiwa maji. Nilikuwa ninalia na wanawake nilipomsikia Trésor akimwambia baba yake mdogo:

"Tonton, ile ya atelier nayo iko moto."

Alimaanisha mashine ya karakana yangu. Niliruka! Nikapiga magoti mbele ya wazee, nikasema ule si moto wa kupikia. Nikamtazama mume wangu anisaidie. Akatazama chini.

"Mama, usilie," Tonton akasema kwa upole. "Kisha maziko tutawasha ingine."

Trésor mwenyewe ndiye aliyeenda kufunga gesi.

Baada ya maziko, Tonton alikuja bandani amebeba kaa jekundu kwenye koleo.

"Shika, mama. Washa yako."

Masikini mzee! Hakuwa na hila. Nilifungua mashine nikamwonyesha vigae vilivyopasuka. Akamgeukia Trésor.

"Weye ulijua?"

Trésor akatoka nje.

Jibu lilikuja siku ya kumaliza kilio. Muuza jenereta mmoja wa mjini alikuja kutoa pole, akamuuliza mume wangu mbele yangu ataanza lini kazi kwake, maana sasa Mama Zaina hana budi kununua kwao. Kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako... Alitumia kilio cha baba yake mzazi! Ningemwita nini mtu huyo? Mume?

Nilikusanya vipande vyangu, nikaondoka. Ndugu zake walisema nitarudi tu. Na kweli nilirudi... kuchukua mabomba yangu!

Mama Zaina hakununua jenereta.

"Jenga ingine, mutoto yangu," aliniambia. "Lakini kwangu, nyuma ya chambre froide."

Nikajenga, nyuma ya chumba chake cha baridi. Nilikosea, nikalia, nikapasua vigae vingine kwa mikono yangu mwenyewe, nikaanza tena. Leo mtaa ukiwa gizani, samaki wa Mama Zaina wamelala kwenye baridi. Tonton hupita kunisalimu. Trésor naye amewahi kupita, akasimama getini. Sikumfungulia.

Majuzi Mama Zaina alifiwa na dada yake. Niliposikia vilio, niliacha kila kitu. Nikakimbilia kwenye mashine, nikasimama mlangoni nikiwa tayari kugombana na ukoo mzima! Akaja yeye, macho yamevimba, akanishika bega.

"Kaa na mashine yako," alisema. "Hii haizimike."

Dada zangu, pendeni, oleweni, zikeni wazee wenu kwa heshima. Lakini kazi ya maisha yenu msiiweke mahali ambapo mtu mwingine ana ruhusa ya kuizima. Mimi nilijifunza kwa machozi. Ninyi nawasihi, jifunzeni kwangu.