Gurudumu la Nne

Rafiki yangu, mwanamke fundi umeme wa magari, si mtu wa kutishika ovyo, lakini haya yalimpata gerejini kwake. Wifi yake alimletea pikapu ya mumewe, kaka yake fundi, ile iliyokutwa imenasa kwenye tope la mtoni bila mtu ndani. Kaka mtu hakuonekana tena, si mzima si maiti.

"Wifi, hii taa ya matairi kuteleza haizimiki."

Fundi alibadilisha kihisi, akakagua nyaya, wapi! Akaipandisha pikapu kwenye jeki nne, magurudumu yote yakaning'inia, akachomeka mashine ya kupimia kasi ya kila gurudumu. Matatu yalisoma sifuri. La nne, mashine ilidai, lilikuwa likizunguka kwa kasi. Alilishika, lilikuwa limetulia tuli.

Mara umeme ukakatika, na gereji ile isiyo na dirisha ikawa giza totoro. Tairi likaanza kusaga tope, chwaa, chwaa.

"Wifi, umewasha gari?"

"Ufunguo ninao mkononi," wifi alijibu kwa uchovu. "Nyumbani pia huwa hivi. Nimemwita mpaka sauti imenikauka."

Nyuma ya pikapu, gizani, mwanamume alikuwa akihema: anasukuma, anapumzika, anasukuma tena.