Tawi kwenye Njia ya Kashengo

Laurent Mulumba, kapita wa wapagazi, alianguka kwenye genge la Kashengo siku ya Jumamosi, tarehe 13 Juni 1953, kama saa moja asubuhi. Wenzake walimkuta saa sita mchana, chini kabisa, pale maji ya maporomoko yanapopiga mawe. Walimtambua kwa mkanda wake.

Walikuwa watu watano. Bwana Verhasselt, mhasibu wa Élisabethville, alipenda kupanda milima na kupiga picha za maporomoko. Kila mwaka mvua zikiisha alikodi lori mpaka chini ya mlima, halafu akapanda kwa miguu. Pierre alimwongoza njia, Kapya alibeba mizigo na maji, Stanislas alipika. Laurent alikuwa mkubwa wao, na kama makapita wote alitembea wa mwisho ili mtu au mzigo usibaki nyuma.

Sajini Mwansa wa polisi alifika mlimani Jumatatu saa tisa. Kapya alikuwa ameshafungwa tangu Jumamosi jioni.

Pierre alimpeleka sajini juu. Majani yote yalikuwa yamechomwa wiki mbili kabla, na nchi ilikuwa nyeusi. Vijia vya swala vilionekana kila upande, vyote sawasawa. Wakafika mahali njia inapogawanyika.

"Hapa ni kupotea bule," Pierre alisema. "Miye niko mbele, nafunga njia mubaya. Naweka tawi chini. Mwenye anakuya nyuma akiona tawi, hapiti. Ni vile bazee balifanyaka."

"Jumamosi uliweka wapi?"

"Kushoto, Ba-Sajini. Kushoto ni genge, hatua makumi ine tu. Kuume niliacha wazi."

"Na ulipokuja kumtafuta Laurent?"

"Tawi lilikuwa kuume." Pierre alitema mate. "Asubui ile ukungu ulikuwa mwingi, ulikuwa unaona miguu yako tu. Laurent aliamini tawi. Nani hataliamini?"

"Basi mtu alilihamisha baada ya ninyi kupita, kabla Laurent hajafika. Nani alikuwa mbele yake?"

"Mwenye kubeba maji. Maji inatembeaka pole pole. Na mwenye kubeba maji ni Kapya."

Mwansa alizunguka mahali pale akiinamia majivu. Nyuma ya jiwe, upande wa kushoto, alikuta duara, upana wa kitako cha ndoo. Majivu ya pembeni yalikuwa yamelowa, yakakauka, yakawa magumu kama ganda. Maji yalikuwa yamemwagika mengi, pande zote.

Mtu mwenye ndoo kichwani hawezi kuinama kuokota tawi. Lazima aitue kwanza.

Jumanne asubuhi, mjini, sajini alimtoa Kapya kwenye kasho, chumba cha mahabusu. Uso wake ulikuwa umevimba. Nje ya geti mke wake Marceline alikuwa amekaa chini tangu Jumapili, na sahani ya bukari, ugali wa mume wake, imefunikwa kwa kitambaa.

"Ijumaa Laurent alikupiga kofi," Mwansa alisema.

"Ndiyo, baba. Niliangusha sanduku ya bwana."

"Ukamwambia ataona."

"Nilisema. Nani hasemake vile?"

"Na ndoo ya maji ilikuwa kwako."

"Hapana. Kule mutoni Stanislas aliniambia nibebe tente ya kulalia bwana, yeye anabeba maji. Akasema maji yangu inakuwaka na buchafu. Nikapita mbele, nyuma ya bwana."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Baliniuliza na fimbo. Meno mbili zikatoka." Kapya alifungua mdomo, akaonyesha. "Komisera wa polisi anasema barua ya kuninyonga inaandikwa Ijumaa. Ni kweli?"

Mwansa alimrudisha ndani. Ilikuwa kweli.

Stanislas alikuja bila kusumbua, shati limepigwa pasi. Alikuwa mtu wa kaskazini, wa Bukama, mkatoliki, mpole wa maneno.

"Miye mupishi, Ba-Sajini. Tangu lini mupishi anabeba maji? Niko na miaka kumi na ine kwa jiko ya bazungu. Maji ananiletea mutu."

"Ulikuwa wapi kwenye msitari?"

"Nyuma ya bwana. Mukono ningeweza kumugusa."

"Na Kapya?"

"Nyuma. Kapya ni mutu wa asira. Namuhurumia."

Bwana Verhasselt aliulizwa nyumbani kwake, kwenye baraza. Alikasirika kuulizwa na sajini mweusi, lakini akajibu.

"Nyuma yangu sikuona mtu. Ukungu. Ninachojua ni chai. Nataka vikombe vitatu, na maji ya kunyoa. Ndoo nzima. Siku ile nilipata kikombe kimoja, baada ya kungoja nusu saa. Miaka sita haijatokea."

"Nani alikuletea?"

"Stanislas. Alikuwa amelowa. Alisema umande."

"Bwana, kwenye majivu hakuna umande wa kulowesha mtu," Mwansa alisema. "Nakuomba Alhamisi saa nne ufike kwenye polisi. Utakunywa chai huko."

Alhamisi, tarehe 18, saa nne, walikuwa uani wote: Pierre, Kapya na minyororo yake, Stanislas, Bwana Verhasselt kwenye kiti. Komisera alisimama mlangoni akitazama saa yake.

"Kapya," Mwansa alisema, "chota maji bombani, ulete hapa."

Kapya alijaza ndoo. Kabla ya kuiinua alikwenda kwenye ua wa miti pembeni, akakata vijani vitatu, akaviweka vielee juu ya maji. Halafu akaitwika, akaja na minyororo ikilia. Hakumwaga hata tone.

"Majani ya nini?"

"Ili maji isiruke, baba. Kila mutu anafanyaka vile. Mama yangu aliuzisha maji Kipushi, nilijua mbele ya kujua kusali."

"Stanislas. Sasa wewe, maji ya chai ya bwana."

Stanislas alicheka kidogo. "Ba-Sajini, unanifanya mutoto wa jiko?"

"Bwana anangoja."

Bwana aliangalia. Stanislas alijaza ndoo, akaiinua, akatembea. Hatua ya tatu maji yalimrukia begani. Alipofika, shati lilikuwa limeshikana na mwili mpaka kiunoni, na ndoo ilikuwa imebaki nusu.

Bwana Verhasselt alisimama. "Hivyo hivyo," alisema. "Hivyo hivyo alifika juu."

"Miaka kumi na minne unaletewa maji," Mwansa alisema. "Hukuwahi kuangalia yanabebwa namna gani. Alama ya ndoo yako niliikuta nyuma ya jiwe, Stanislas. Mahali pake pameganda. Angeitua Kapya, majivu yasingelowa vile."

Stanislas alitua ndoo taratibu. Alijipangusa uso.

"Ba-Sajini anajua Donat Ngoie?"

"Hapana."

"Hakuna mwenye anamujua. Ni mudogo wangu. Miaka kumi na tisa. Mwaka wa 1951 alibebea bwana huyu mizigo, akapata homa njiani, akabaki nyuma. Laurent alipita mbele yake, akaona upepo umeondoa tawi, akaacha njia ya genge wazi, Donat akaingia humo. Akarudi mujini akasema Donat alikimbia na blanketi ya bwana. Miaka mbili bantu ba Bukama baliita mama yangu mama ya mwizi."

"Ulijuaje?"

"Pasaka. Laurent alikunywa kwangu. Akasema mwenyewe, akicheka: mugongo ulikuwa unaniuma, ningeinama juu ya tawi moja?" Stanislas alimtazama Bwana Verhasselt, akarudi kwa sajini. "Basi na miye niliinama. Nilingoja kwa jiwe mpaka nisikie amelia. Alilia murefu. Sijuti."

"Na Kapya? Kesho ilikuwa barua yake."

Stanislas alikamua shati lake. "Nilijua," alisema. "Nilisema, bamunyonge."

Marceline, ambaye alikuwa ameruhusiwa kusimama getini, alisikia neno hilo. Aliingia uani, askari hakumzuia, akampiga Stanislas kofi moja la uso. Kisha akaenda kushika mnyororo wa mume wake, akangoja wafungue.

Donat Ngoie alikufa akiwa na miaka kumi na tisa, na mifupa yake haikupatikana. Laurent alikufa na miaka arobaini na moja. Mke wake Léonie alibaki na watoto wanne, na nyumba ya kazi akaiacha baada ya siku kumi. Kapya alipoteza meno mawili na siku tano, na sikio la kushoto halikusikia tena. Stanislas alinyongwa mwezi wa Novemba. Mama yake, huko Bukama, alikuwa na wana wawili. Sasa hana.