Kunde za Kukhu na Dawa ya Mahindi

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi. Nasema mapema, usije ukamtafuta mwingine.

Jina langu ni Gathii, mkulima wa Kibomet, hapa Kitale. Mahindi nimeyakausha tangu ujana. Mwaka mmoja fukusi walinilia magunia kumi, nikalima vibarua kwa watu ndipo nile. Baada ya kipigo hicho nilijifunza kukausha vizuri na kutia dawa, nikajiona profesa wa kukausha.

Novemba 2006 mke wangu Jentrix, mama wa mtoto wetu Ivy, alikuwa na mimba ya miezi sita. Kliniki walimwambia damu yake iko chini. Wakampa vidonge, na wakamwambia ale pia mboga za majani kila siku. Novemba hiyo si shida. Nyuma ya nyumba kunde zilikuwa zimejaa. Lakini Januari ya Kitale tunaijua: jua, vumbi na shamba tupu.

"Tukaushe kunde," Jentrix akasema. "Kwetu Bungoma kukhu hukausha."

Kukhu ni nyanya yake, Wilkista. Kunde zake za maziwa na karanga ndizo zilizomlea Jentrix.

"Tulia, Mama Ivy," nikamwambia. "Si umeolewa na bingwa wa kukausha?"

Nilichuma nusu ya shamba. Sikuosha. Nilitandaza majani kwenye turubai la mahindi, juani, kando ya barabara. Bodaboda zikapita na vumbi lao. Kuku nao wakapita na miguu yao. Jioni niliuma jani moja, kama ninavyouma punje ya mahindi. Nikaona limekauka. Nikatia yote guniani. Halafu nikachukua ile dawa ya unga tunayotia kwa mahindi, nikanyunyiza. Nikatikisa gunia vizuri kabisa.

Wiki mbili baadaye Jentrix alitaka kuonja. Aliloweka majani, akaweka sufuria motoni. Jirani yetu Chelangat akaingia kurudisha ungo. Huyu Chelangat ni mtu wa Kapsokwony, na kazi yake ni afisa wa kilimo. Akachungulia gunia.

"Mama Ivy, hii nyeupe ni nini? Ukungu?"

"Ukungu wapi, madam!" nikadakia kwa majivuno. "Hiyo ni dawa. Hapa fukusi watalala njaa."

Chelangat hakucheka. Alichukua kitambaa, akaitoa sufuria motoni.

"Mmekula hii?"

"Bado," Jentrix akajibu. Mkono wake ulikuwa tumboni. "Baba Ivy, ulitaka nile dawa ya wadudu? Mimi na huyu?"



"Si tutaosha?" nikauliza. "Mara tatu hivi?"

"Hata ukiosha mara kumi," Chelangat akasema. "Dawa hiyo ni ya nafaka, tena kwa kipimo kilichoandikwa kwa pakiti. Jani haliwekewi dawa. Na angalia hapa chini."

Aliingiza mkono guniani, akatoa bonge la majani. Lilikuwa na unyevu, na lilinuka ukungu kweli.

"Si niliuma?" nikasema.

"Uliuma jani moja, bana! Haya mengine uliuliza nani?"

Tulichimba shimo, mbali na kisima na kuku, tukafukia gunia lote pamoja na mboga ya sufuriani. Tukanawa mikono kwa sabuni. Niliona uchungu. Nusu ya mboga ya mke wangu ilikuwa ndani ya udongo. Chelangat akaniona.

"Usijipige sana, Baba Ivy. Ulitaka asikose mboga. Nusu nyingine si bado iko shambani? Kesho asubuhi nitakuja."

Alikuja. Tulichuma majani machanga, tukaosha mara mbili kwa maji safi. Maji yenye chumvi kidogo yakachemka. Tukatia majani.

"Dakika tatu tu," akasema. "Hii inaua vijidudu na kutunza rangi."

"Mimi sina saa."

"Kanisani unaimba? Imba beti mbili na pambio."

Nikaimba. Jentrix akapiga kelele, "Imba haraka, mboga inaiva!"

Tukatoa majani, tukayatia kwenye maji baridi, tukachuja. Nilikuwa nimefunga fito na kutengeneza kichanja. Tukatandika chandarua kipya kisicho na dawa, tukatandaza majani yasipandane, na juu tukafunika kwa kipande kingine.

"Na tuweke kivulini, penye upepo," Chelangat akasema. "Jua kali linachoma nguvu ya mboga. Usiku ingizeni ndani, umande usirudishe maji."

Siku ya tatu alinipa majani mkononi, kutoka pembe zote za kichanja. "Finya." Yote yalivunjika kama karatasi kavu. Tulingoja yapoe, tukayatia kwenye mikebe mikavu yenye vifuniko vya kubana, tukaweka mahali pa giza. Kila wiki Jentrix alifungua kuangalia. Penye unyevu au ukungu, alijua ni kutupa.

Januari, shamba lilikuwa jeupe. Kliniki walimpima tena Jentrix, na damu ilikuwa imepanda. "Endelea na vidonge," wakamwambia, "na hiyo mboga yako usiache."

Kukhu Wilkista akaja kutoka Bungoma kumwona mjukuu wake. Jentrix aliloweka kunde kwa maji ya uvuguvugu, akachemsha mpaka zikalainika. Akatia maziwa, halafu karanga za kusaga, akakoroga polepole hadi mchuzi ukawa mzito. Kukhu alionja, akafumba macho.

Ndugu yangu Muturi naye alikuwa amefuata harufu, kama kawaida yake. Alikula, akaongezewa, akaongezewa tena.

"Nani alikausha hizi?" akauliza.

"Mimi na mke wangu," nikasema.

Muturi akacheka mpaka akakohoa. "Ati wewe, mwanamume mzima, unaanika mboga kivulini? Hiyo ni kazi ya wanawake!"

"Kwani mikono yangu ina kasoro gani?"

"Nakwambia ni ya wanawake! Si ndiyo, kukhu?"

Kukhu aliivuta sahani ya Muturi upande wake, akaitazama vizuri.

"Ndiyo, baba," akasema. "Kuanika ni kwa wanawake, kupika ni kwa wanawake. Sasa wewe mwanamume, hizi sahani tatu umekula kwa nini?"