Liache Lipumue Kwanza

Siku ya treni, kituo cha Mpanda hakina mwenye adabu. Watu wanasukumana, mbuzi wanalia, wachukuzi wanagombea mizigo ambayo mwenyewe bado hajaonekana. Siku hiyo, mwaka 1996, Klementina alisimama kando ya behewa la wazi, kitenge cha kijani kimembana kiunoni, akisonya. Gari lake jipya, dogo, jeupe, alilolihangaikia kwa kuuza migebuka, samaki wa ziwani kwao Kapalamsenga, lilikuwa juu ya behewa, na hakuna aliyethubutu kulishusha.

"Kwa mbao hizi mbili?" dereva mmoja alisema akirudi nyuma. "Dada, mimi nina watoto."

Ndipo akajitokeza kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, aliyekuja kupokea boksi lake la spea. Alipanda, akaliwasha, akalisikiliza kidogo, kisha akaliteremsha taratibu mpaka matairi yote yakagusa udongo. Alitoka akicheka peke yake.

"Unacheka nini, kaka?"

"Dada, unajua ulichonunua? Hili lina turbo."

"Hiyo turbo inakula nini?"

"Inakula moshi wake yenyewe." Akafungua boneti, akamwonyesha kidude kilichojikunja kama konokono. "Moshi ukitoka unazungusha feni humu, feni inasukuma hewa kwenye injini. Ndiyo maana kadogo hivi kana nguvu. Naitwa Luhende. Gereji yangu iko Shanwe, ulizia tu."

Habari za feni Klementina hakuzisikia vizuri. Alikuwa anatazama meno.

Haukupita muda mrefu akaiulizia hiyo gereji. Sababu alikuwa nayo: gari likipakiwa samaki wakavu kutoka ziwani, kwenye milima lilikuwa linachoka. Lakini mtu anayepeleka gari kwa fundi hajipaki wanja namna ile.

"Niongezee nguvu, fundi."

"Kidogo nitaongeza. Nyingi siongezi."

"Fundi gani mchoyo hivi?"

"Asiyetaka kukuzika."

Luhende alibadilisha oili, akasafisha chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu, akaweka plagi mpya. Akafunga geji ndogo ya kupimia joto la turbo mbele ya usukani, ndipo akapandisha msukumo wa turbo, kidogo tu, akilijaribu gari barabarani na kurudi kukagua kabla ya kugusa tena. Petroli wakati huo ilikuja kwa mapipa, kwa hiyo alimkataza kununua kwa wanaochanganya na mafuta ya taa.

Siku ya kulijaribu kwa mara ya mwisho, Klementina aliendesha mwenyewe. Gari lilipanda mlima bila kugugumia, naye akapiga kelele kwa furaha na kuzidi kukanyaga. Luhende akamshika mkono.

"Mshale wa geji ukifika kwenye alama nyekundu, toa mguu."

Mguu ulitoka. Mkono ulichelewa kidogo.

"Na usisahau jambo moja, Tina. Ukitoka mlimani limechemka, usilizime ukifika tu. Oili inayozunguka ndiyo inapoza turbo. Ukizima ghafla inaungulia humo humo. Liache lingurume polepole, ukae ndani uangalie geji. Likishapumua ndipo uzime."

"Na mimi nani atanipumzisha?"

"Hilo niachie mimi."

Basi mapenzi yakawaka. Klementina alikuwa na duka la samaki mjini, lenye simu, na Luhende alipiga kutoka hoteli iliyopakana na gereji, wateja wote wakisikiliza.

"Halo, geji inasemaje?"

"Geji nzima. Mwenye gari ndiye mgonjwa."

"Anaumwa nini tena, mpenzi?"

"Anaumwa fundi."

Hatimaye Luhende akataka kumpeleka kwa mama yake, huko Misunkumilo. Wazazi wake walihamia huko na ng'ombe zao kutoka Usukumani, na baba alipofariki, mama ndiye aliyebaki na kila kitu.

"Nakwambia ukweli," alisema. "Mayu, yaani mama, akikukataa, mimi sina ujanja. Amenilea peke yake."

Tangu hapo Klementina hakulala vizuri. Alimpenda Luhende, akajua fika kwamba mama mmoja ambaye hajamwona ndiye mwenye jibu.

Jumapili waliyoagana wakutane huko, alitoka Kapalamsenga na kapu la migebuka minono kama zawadi. Daraja bovu lilimchelewesha, ikabidi alikimbize gari milimani. Alipoingia uani, kina mama majirani waliovaa vizuri walikuwa wamekaa mkekani, na mwenye nyumba akasimama kumpokea. Luhende hakuwepo, alikuwa amefuata soda dukani.

Gari lilikuwa limechemka. Klementina akakumbuka agizo. Akakaa ndani na gauni lake la waridi, jasho likimtiririka, macho kwenye geji, injini ikinguruma. Mama Luhende alisubiri amesimama. Akasubiri tena. Mwisho akageuka, akaingia ndani na kufunga mlango.

Klementina aliposhuka na kapu, mmoja wa wale kina mama alimwambia bila kumtazama, "Mwenye nyumba anaumwa kichwa. Nenda tu, mwanangu."

Alirudi mjini analia. Watu wa ng'ombe hawawataki watu wa samaki, alijiambia, basi.

Kesho yake simu ikalia.

"Tina, umemfanya nini mama yangu?"

"Mimi? Kanifungia mlango!"

"Anasema ulimdharau mbele za watu. Hata kumtazama hukumtazama."

"Na wewe umeamini?"

"Mama yangu hasemi uongo."

"Basi muoe yeye!"

Akakata. Siku zilizofuata simu ililia, naye akaiangalia tu. Usiku alijuta, asubuhi alikasirika upya. Mwishowe, siku anarudi kutoka ziwani, hasira ikamjaa pomoni. Akaamua kupitia Shanwe amrudishie huyo fundi geji yake.

Luhende alisikia gari, akatoka mbio, mikono imejaa grisi. Akasimama mbele ya mlango wake akisubiri ashuke. Hakushuka. Gari lilinguruma, Klementina kainamisha macho kwenye geji, wala hamtazami.

"Tina, shuka basi tuongee! Ndiyo nini kunikalia hivyo?"

"Nisubiri! Si mpaka lipumue? Si wewe uliyeniagiza?"

Luhende akajishika kichwa na grisi yake yote.

"Nyumbani pia ulikuwa unalipumzisha?"

"Ulifikiri nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nimetoka mlimani!"

"Mungu wangu. Ni mimi. Nimekuponza mwenyewe."

Klementina akaanza kucheka huku analia. Kumbe hakuchukiwa! Mzigo aliobeba kifuani kwa siku zote hizo ulimtoka palepale, akashuka na kuuegemeza uso kwenye ovaroli chafu bila kujali gauni.

Lakini Mama Luhende hakuwa mtu wa kusimuliwa. "Gari linapumua? Lina mapafu?" alimuuliza mwanawe. Ikabidi apakiwe. Jioni hiyo Klementina alimpandisha mlima na kurudi naye mpaka uani. Mama akashika kitasa ashuke, kisha akajizuia.

"Tukae kwanza?"

"Tukae, mama."

Luhende akafungua boneti, akamsaidia mama yake kuja kuchungulia. Giza lilikuwa linaanza kuingia, na ile turbo ilikuwa imewiva, nyekundu kama chuma cha mhunzi. Mama akaitazama mpaka wekundu ukafifia.

"Kumbe," alisema. "Kama maksai. Akitoka kulima humfungi papo hapo, unamwacha kwanza aheme."

Klementina akazima gari, akashuka, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama akamwangalia kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu, bila haraka. "Huko kwenu ziwani kuna majani?"

"Majani, mama?"

"Ya ng'ombe. Au nyie mnajua samaki tu? Tukizileta kwa baba yako, zitakula nini?"

Boneti ilimponyoka Luhende ikajifunga kwa kishindo. Klementina alitaka kujibu kwa heshima, lakini machozi yalimtangulia, akajibu hivyo hivyo akilia.

"Yapo, mama. Yapo mengi."